Nimepata mkanda wa jeshi nikiwa kwenye dawa za wasiwasi. Je, dawa ndizo zimeshusha kinga?

Binti_Nansio (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu. Wenye utani wao waje baadaye kidogo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mwanza. Mwezi wa pili mama alipata kiharusi, upande wa kulia wote haufanyi kazi. Nikamtoa Ukerewe, nakaa naye hapa. Namgeuza, namwosha, namlisha, saa moja asubuhi niko shuleni, saa kumi narudi naanza upya. Usingizi ukakata kabisa. Moyo unakimbia bila sababu, mkono unatetemeka nikishika chaki mpaka watoto wanaona. Mwezi wa tano nikaenda hospitali. Daktari alinisikiliza vizuri tu, akaniandikia amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja usiku.

Usiku nikaanza kulala, ila mchana wasiwasi ulikuwa palepale. Shoga yangu akanielekeza duka moja la dawa, nikauziwa diazepamu za miligramu 5 bila cheti wala swali. Nikawa nameza moja asubuhi na moja jioni. Huu ni mwezi wa nne tangu nianze kuzimeza.

Wiki mbili zilizopita yakaanza maumivu ubavuni kushoto, kama mtu kanibandika pasi. Siku ya tatu malengelenge, mstari mmoja kutoka mgongoni mpaka chini ya titi. Mkanda wa jeshi. Kituo cha afya wakanipima kwanza kile kipimo mnachokijua, nikawa sina. Wakanipa asiklovia, nimemaliza dozi, vidonda vinakauka.

Sasa jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu, kaniambia: "Hizo dawa za usingizi ndizo zilizokula kinga yako." Nikaogopa, nikazitupa zote. Leo siku ya tano. Silali, natoka jasho, natetemeka kuliko hata kabla sijaanza dawa, na ubavu unawaka usiku kucha.

Maswali yangu: dawa za wasiwasi zinashusha kinga kweli? Au ni mawazo yenyewe? Na hiki kinachonipata sasa ni nini?

Kambi_Popote

Pole sana mwalimu. Naweka kambi hapa, wataalamu waje.

Mzee_wa_Sega

Dada, wala si dawa. Ukiona mwalimu ana stresi, muulize kwanza ana mikopo mingapi ya kausha damu. Jina lenyewe linajieleza, inakausha damu, sasa kinga itakaa wapi?

Binti_Nansio

Mzee nilikuomba uje baadaye 😂 Ninao mmoja tu, unaisha Desemba.

Mlonge_Halisi

Binti nakupa ukweli ambao hawatakwambia. Mkanda wa jeshi hauji bure. Nenda kapime tena kituo kingine. Halafu achana na vidonge vyao vyote, ni sumu, kunywa unga wa mlonge asubuhi na jioni. Na uombe Mungu huo mkanda usizunguke. Bibi yangu alisema pande mbili zikikutana tu, kwisha habari.

Kopo_la_Dawa

Mwanzisha uzi, kabla ya kinga tuanze na hatari iliyo mbele yako usiku huu. Mimi ni mfamasia, mwaka wa kumi na moja huu niko nyuma ya kaunta.

Diazepamu ukiimeza kila siku kwa miezi minne, ubongo unaizoea. Ukiikata ghafla, ubongo unabaki kama gari lililotolewa breki kwenye mteremko: jasho, kutetemeka, kukosa usingizi, wasiwasi mara mbili ya ule wa mwanzo. Wengine huanguka degedege. Hii dawa inatoka mwilini polepole sana, ndiyo maana siku mbili za kwanza mtu anaweza kujiona mzima, kisha siku ya tano inamkamata. Wewe uko hapo hapo. Kesho asubuhi rudi kwa yule daktari, umwambie yote, pamoja na vidonge vya dukani. Usione aibu. Akiona inafaa atakurudisha kwenye dozi na kukushusha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukiona unachanganyikiwa, unaona vitu visivyokuwepo, au mwili unakakamaa, usisubiri kesho, nenda usiku huu.

Nijibu haya: umewahi kuanguka kifafa? Unakunywa pombe? Una ujauzito?

Binti_Nansio

Hapana zote tatu. Nitaenda kesho kipindi cha kwanza nikishapata wa kunishikia darasa. Asante mkuu, nilidhani nimepata ugonjwa mwingine.

Kopo_la_Dawa

Vizuri. Sasa twende kwenye swali lako, na mnisamehe nitaandika marefu.

Virusi vya mkanda wa jeshi hukuvipata zahanati, wala shuleni, wala kwa mama. Ni vilevile vya tetekuwanga uliyougua utotoni. Tetekuwanga ikipona virusi haviondoki, vinajificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, vinalala humo miaka na miaka. Kinachovizuia kuamka ni kikosi cha seli nyeupe zinazovikumbuka. Kikosi kikilegea, virusi vinateremka na neva moja mpaka kwenye ngozi, ndiyo maana unapata mstari upande mmoja. Habari ya kuzunguka na kukutana tuwaachie mabibi. Kwa kawaida haivuki katikati ya mwili, na ikitokea ikavuka, si kwamba mtu anakufa kwa sababu mistari imekutana.

Kikosi kinalegezwa na nini? Umri. VVU, ndiyo maana walikupima na walifanya sawa kabisa kwa mtu wa miaka 34. Saratani na dawa zake. Predinisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe, ikimezwa muda mrefu. Na mawazo yasiyoisha, hapo ndipo watu hucheka, wakidhani tunamfariji mgonjwa.

Juu ya kila figo kuna katezi kamekaa kama kofia. Ukishtuka, kanamwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Kwa dakika chache hiyo ni faida. Kuna Wajerumani walipima damu ya watu wanaoruka na parachuti kwa mara ya kwanza: mara baada ya kutua, zile seli zinazoua virusi zilikuwa zimeongezeka kwenye damu, saa moja baadaye zikawa chini kuliko mwanzo. Mwili ulidhani kuna vita, ukatoa askari, kisha ukawarudisha kambini.

Sasa wewe umeruka parachuti tangu mwezi wa pili na hujatua.

Kotisoli ikimwagwa kila siku inafanya kazi ya binamu yake predinisoloni. Mwaka 1948 daktari Philip Hench kule Marekani alimdunga kotisoni, ndugu wa kotisoli, mama mmoja aliyelemazwa na baridi yabisi, na ndani ya siku chache yule mama akaanza kutembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapata Nobel. Watu walishangilia, kisha wakaona upande wa pili: homoni inayotuliza uvimbe ndiyo hiyo hiyo inayowalaza askari. Na hapo kuna fumbo: msongo ukidumu sana seli nyingine zinaacha kuisikia kotisoli. Unakuwa na mwili unaovimba na kuuma hovyo, na papo hapo mvivu kupambana na virusi. Kwa hiyo mtu akisema "kinga imeshuka" kana kwamba ni maji kwenye tangi, hajakosea sana, ila hajapatia.

Tena hapa kwetu neno hili limeshaharibika. Ukisema kinga ya fulani imeshuka, mtaa mzima unaelewa kitu kimoja tu. Kinga ina vikosi vingi. VVU vinaua zenyewe seli za CD4, seli nyeupe zinazoongoza vikosi vya kinga. Msongo unachelewesha kazi na kuvuruga zamu. Ni mambo mawili tofauti kabisa.

Na kuhusu kulea mgonjwa. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake, Ohio, walichukua wanawake 13 waliokuwa wanawatunza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, na wengine 13 wa umri na kipato kama chao wasio na mzigo huo. Wote wakatobolewa kidonda kidogo mkononi, milimita 3.5, kikaangaliwa mpaka kipone. Wasio na mzigo walipona kwa wastani wa siku 39.3. Waliokuwa wanalea, siku 48.7. Siku tisa zaidi, kidonda kilekile. Nilipoisoma nilimkumbuka dada yangu mkubwa alivyomuuguza baba.

Nyundo_ya_Hoja

Heshima yako mkuu, lakini wanawake 13 kwa 13? Hata kikoba chetu kina watu wengi kuliko hao. Halafu huenda waliokuwa wanalea walikuwa hawali vizuri, hawalali, labda wanavuta sigara. Unajuaje ni mawazo?

Kopo_la_Dawa

Swali zuri, na una haki. Chukua la Sheldon Cohen, lilichapishwa 1991. Watu wazima 394 wenye afya, Salisbury, Uingereza, walipimwa kiwango cha msongo, kisha wakawekewa matone ya virusi vya mafua puani. Kwa hiari yao, usiniulize walilipwa nini. Wenye msongo mdogo kabisa, asilimia 27 hivi waliugua mafua. Wenye msongo mkubwa kabisa, asilimia 47. Walipiga hesabu za sigara, pombe, usingizi, chakula na mazoezi, tofauti ikabaki.

Mwaka 1998 akarudia na watu 276, akiuliza msongo umedumu muda gani. Tatizo la chini ya mwezi mmoja halikuleta tofauti. La mwezi na zaidi lilileta, hasa kukosa kazi na ugomvi usioisha na ndugu au marafiki. Kwa hiyo Mzee wa Sega na kausha damu zake hakuwa anatania tu.

Mzee_wa_Sega

Asante. Naomba hilo lisomwe mbele ya mke wangu.

Mlonge_Halisi

Mnakwepa swali. Aliuliza DAWA. Kwa nini mkanda umekuja baada ya miezi minne ya vidonge, si kabla?

Kopo_la_Dawa

Umekuja pia baada ya miezi saba ya kumgeuza mgonjwa kitandani, lakini tuache hilo. Swali lako ni la haki na nitalijibu. Kosa kubwa humu ni kuziita zote "dawa za wasiwasi" kama vile ni kitu kimoja. Alikuwa anameza mbili za koo tofauti.

Amitriptilini ni ya koo la dawa za sonona. Kuna utafiti wa Michael Irwin na wenzake, 2013, unaogusa kirusi hiki hiki cha mkanda wa jeshi. Walichukua wazee wa miaka 60 na zaidi, 40 wenye sonona na 52 wasio nayo, wakawachanja chanjo ya mkanda wa jeshi, kisha wakapima jinsi seli zao zinavyokitambua kirusi. Wenye sonona wasiotumia dawa, mwitikio wao ulikuwa dhaifu. Wenye sonona waliokuwa kwenye dawa, ulikuwa kama wa watu wasio na sonona, hata wale ambao dawa haikuwa imewaondolea huzuni. Haukuhusu amitriptilini peke yake, na ulikuwa wa wazee. Ila unaelekea kinyume kabisa na maneno ya jirani.

Kwenye Uviko pia, madaktari Brazil walijaribu fluvoksamini, dawa ya sonona na wasiwasi, kwa wagonjwa 1,497. Walioitumia, asilimia 11 walizidiwa mpaka kuhitaji hospitali. Wasioitumia, asilimia 16. Usikimbilie kuinunua, majaribio ya Marekani baadaye hayakuona faida hiyo. Nimeitaja kwa sababu kama dawa za koo hili zingekuwa zinaua kinga, hapo ndipo tungeokota maiti.

Ipo dawa ya akili inayojulikana kushusha seli nyeupe: klozapini, ya skizofrenia. Finland mwaka 1975 iliua watu, na tangu hapo anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara. Nyingine nyingi zinaweza kufanya hivyo kwa nadra sana, amitriptilini ikiwemo, kwa hiyo homa na koo lenye vidonda ukiwa kwenye dawa si jambo la kupuuza.

Sasa diazepamu. Hapa Mlonge una robo ya hoja na nakupa robo yako. Dawa hii inatuliza ubongo, lakini mwaka 1977 watafiti waligundua inashika pia mahali pengine nje ya ubongo, na baadaye ikaonekana hata seli nyeupe zina vishikio hivyo. Uingereza, mwaka 2013, walipitia rekodi za karibu wagonjwa 5,000 wa nimonia wakaona wanaotumia dawa za koo la diazepamu wana uwezekano wa nimonia uliozidi kwa asilimia 54. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Anayepewa diazepamu mara nyingi ameshakuwa mgonjwa, na aliyelewa usingizi mate yanaweza kumteremkia kwenye mapafu bila kukohoa. Lakini ni sababu tosha ya kutoichezea, hasa kwa wazee na wenye vifua vibovu.

Kwa hiyo kama ningelazimishwa kupanga watuhumiwa wa huo mkanda: wa kwanza miezi saba ya kukesha, wa pili usingizi uliokatika, ambao ni mtoto wa huyo wa kwanza, diazepamu mbali huko nyuma. Amitriptilini ningeiachia huru. Na ninayemkasirikia hasa ni aliyekuuzia bila cheti, maana ni mtu wa kazi yangu.

Kambi_Popote

Umeua mkuu. Robo ya hoja 😂😂

Mswahili_wa_Kisauni

Nawasalimu nikiwa Mombasa. Huku kwetu rafiki yangu alikuwa na moyo wa kwenda mbio kila akisimama kuhutubia, jamaa mmoja akampa propranololi zake. Kumbe ana pumu tangu mdogo. Usiku kifua kikabana, tukambeba na tuktuk mbio mpaka hospitali. Hii tabia ya kugawana vidonge vya wasiwasi kama njugu tuiwache.

Kopo_la_Dawa

Naam. Propranololi na pumu ni maji na mafuta ya taa. Yenyewe haituulizi sana habari za kinga, inazuia adrenalini isiukimbize moyo, lakini inazuia pia njia za hewa kufunguka.

Juma_Pili_Kavu

Mkuu nami niko kwenye dozi ya kifua kikuu mwezi wa tatu, usingizi hakuna, nikapewa diazepamu na ndugu yangu, nikimeza naona kama nimemeza pipi. Nimeongeza mpaka mbili. Kuna shida?

Kopo_la_Dawa

Kuna shida. Rifampisini iliyo kwenye dozi yako inalichochea ini kufanya kazi kwa kasi, dawa nyingine nyingi zinasagwa na kutolewa kabla hazijafanya kitu. Ndiyo pipi uliyoisikia. Ukiongeza dozi mwenyewe, siku utakayomaliza rifampisini ini litarudi kwenye mwendo wake wa kawaida baada ya wiki chache, na zile mbili zitakulaza kweli kweli. Mwambie wa kliniki ya kifua kikuu kwamba hulali. Usiguse dozi ya TB kwa sababu yoyote.

Nyundo_ya_Hoja

Nimeridhika kwa asilimia themanini. Mwalimu, kuhusu kupima tena, kama hukuwa kwenye hatari yoyote miezi mitatu ya nyuma, majibu yako ni majibu. Mlonge asikunyime usingizi uliobaki.

Kopo_la_Dawa

Nakubali. Na moja nilisahau: mpaka malengelenge yakauke yote na kuweka magamba, yafunike kwa nguo safi, hasa ukiwa darasani. Mtoto ambaye hajaugua tetekuwanga anaweza kuipata kwa majimaji yake. Hatapata mkanda, atapata tetekuwanga.

Binti_Nansio

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, samahanini kwa ukimya.

Nilienda asubuhi ile ile. Daktari hakunigombeza kwa zile za dukani, aliuliza tu nimeanza lini na ngapi, akaandika. Akanirudishia diazepamu, kisha akachora ratiba ya kushuka kila baada ya wiki mbili mpaka iishe, ameniambia tusikimbizane. Jasho limekata. Usiku bado nashtuka mara moja moja.

Kuhusu amitriptilini, kumbe hiyo hiyo hutumika kutuliza maumivu ya neva yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi! Nilipoitupa ndipo ubavu ulipoanza kuwaka upya, na mimi nikadhani mkanda unarudi. Tangu niirudie ubavu umetulia, nguo inagusa bila kuniruka roho.

Akaniuliza swali moja ambalo hamkuniuliza humu: nani anakupokea usiku? Nikakaa kimya. Akasema bila hilo kidonge chochote atakachoandika ni kiraka. Nikampigia mdogo wangu Sengerema, tukazozana kwanza kama kawaida yetu, lakini kaja. Analala na mama Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Wiki iliyopita nililala saa saba mfululizo, nikaamka nikidhani nimechelewa shule, kumbe Jumamosi.

Jirani nilimweleza yote. Kasema sawa, ila yeye bado hamezi.

Mama jana kashika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kamwaga uji wote kwenye shuka nililofua asubuhi. Nikacheka mpaka akacheka na yeye.

Mlonge_Halisi

Hongera binti. Mlonge wa kwenye uji unaruhusiwa lakini? Hata kijiko kimoja?

Kopo_la_Dawa

Kwenye uji weka, ni mboga. Kwenye ratiba ya daktari usiuweke.

Kambi_Popote

Navunja kambi. Nimejifunza mengi, na diazepamu ya shemeji niliyokuwa nayo mfukoni nimemrudishia.